Uji wa Osuga

8 Machi

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote: baba alipopatikana na ugonjwa wa sukari, nilifurahi.

Ilikuwa Agosti mwaka jana. Alianguka penye zizi, akapelekwa hospitali, akarudi na vidonge na kidonda cha mguu kisichotaka kufunga. Mama alilia. Mimi niliingia jikoni nikatabasamu peke yangu. Tangu siku ile baba hawezi kuinua mkono juu ya bega bila kuhema, na mkono usiofika juu ya bega haumwangushi mtu. Miezi yote hii hakujapigwa mtu nyumbani kwetu. Ninalala usingizi ambao sikujua kwamba watu wengine huulala kila siku.

Mwalimu wa Kiswahili ametupa kazi ya kuandika shajara ya msimu wa mvua. Yake ninaiandika kwenye daftari la shule: mawingu, ng'ombe, palizi. Hii ni yangu. Naitwa Lorine, niko kidato cha tatu, nyumbani ni karibu na Rangwe. Darasani nikiulizwa swali husimama nikakauka, hata kama jibu ninalo.

10 Machi

Leo amekuja mwanamke mrefu mwenye viatu vya mpira. Anaitwa Daktari Nyangi. Si daktari wa sindano, ni wa mimea. Ni Mkuria, kwao ni kule Migori mpakani. Anatafuta nyumba za kupanda mboga za kienyeji kwa ajili ya utafiti, hasa osuga, ambayo vitabuni huitwa mnavu.

Baba alikuwa kwenye kiti chake, mguu juu ya stuli.

"Osuga? Ile inayoota nyuma ya choo?"

"Hiyo hiyo, mzee."

"Kwa hiyo serikali imekusomesha miaka yote hiyo uje upime choo changu."

Daktari alicheka kuliko sisi. Kisha akachuma jani moja la osuga pale ukutani, akanionyesha mimi, si baba. Alisema kila jani ni jiko. Ndani yake vinapikwa vitu vidogo vidogo maelfu: kingine ndicho uchungu, kingine ndicho harufu, kingine kinalinda jani na jua. Zamani watu walipima kitu kimoja kimoja. Sasa kuna mashine zinazovipima vyote pamoja na kuonyesha osuga ya hapa ina nini ambacho osuga ya kwingine haina. Wakishajua, watachagua mbegu nzuri na kutengeneza unga wa uji kwa watu wenye sukari na wenye upungufu wa damu. Kazi hiyo huitwa metabolomiki. Niliandika neno hilo kwenye kiganja na sijanawa mkono huo.

Unga wa majaribio tayari upo, wa majani ya msimu uliopita. Baba ameingizwa katika kundi la waonjaji.

"Lakini si dawa, mzee," Daktari alimwambia. "Vidonge usiache. Hiki ni chakula."

Mimi ndiye nitakayempikia.

14 Machi

Tumepanda, na mama hana raha.

Kwetu Wajaluo, katika boma lenye wake wawili, mbegu huanzwa na mke wa kwanza, mikayi. Asipoanza yeye, mke mdogo hadondoshi hata punje. Akivunja mwiko huo huleta chira, laana inayokausha watu na mifugo. Mikayi wetu ni Mama Emmaculate. Ameenda kwao Uriri kumzika kaka yake. Mama yangu, Jerusha, ndiye mke mdogo.

Daktari alitaka nyumba zote za mradi zipande leo, ili mvua na jua viwe sawa kwa kila mtu. Mama alisimama na mbegu kwenye kibuyu.

"Tumngoje Mama Oliver arudi," alisema. Oliver ni mwana wa Mama Emmaculate, yuko Nakuru.

Baba alitazama wageni kwanza. Anapenda kuonekana mtu wa kisasa mbele ya wageni. "Mila ni ya mahindi na mtama," akasema. "Osuga nani aliwahi kuianzia mbegu? Hujiotea yenyewe. Panda, Nyar Ndhiwa."

Hivyo ndivyo anavyomwita mama, binti wa Ndhiwa. Mama akapanda. Ninaandika hapa kwamba ni baba aliyesema panda.

17 Machi

Mvua. Uji una rangi ya kijani. Baba anauita uji wa mavi ya ng'ombe, lakini anamaliza.

22 Machi

Mama Emmaculate amerudi. Alisimama kwenye matuta kabla hata ya kushusha mzigo kichwani.

"Nani amepanda?"

Mama alipiga goti kidogo. "Dada yangu, wageni walikuwa na haraka, na mwenye boma alisema..."

"Mimi namwaga udongo juu ya ndugu yangu, ninyi huku mnamwaga mbegu."

Akapita katikati ya tuta la tatu kwa miguu yote miwili, polepole, mpaka mwisho. Baba alikuwa palepale kwenye kiti. Hakusema kwamba yeye ndiye aliyeruhusu. Alikohoa, akaomba maji.

Ninamchukia Mama Emmaculate. Ni mnene, mzito, hana meno ya mbele ya chini kwa sababu ya ile mila ya zamani ya kung'oa, na akizungumza hufunika mdomo kwa mkono kama anayekusengenya mbele yako.

27 Machi

Mvua. Osuga imechomoza hata pale alipokanyaga.

5 Aprili

Shule zimefungwa. Ninapika uji alfajiri: unga wa mtama, wimbi na majani makavu, maji kwanza, kisha unga uliokorogwa, usiache mwiko mpaka uchemke. Kidonda cha baba kinafunga pembeni, nyama mpya ni nyekundu laini. Mama huimba akimwosha. Mimi pia ninajivuna. Daktari ameniachia kitabu cha kemia ya mimea, kizito. Sielewi nusu yake, lakini nusu ninayoielewa inanitosha.

12 Aprili

Daktari amemtoboa baba kidole. Sukari imeshuka karibu nusu. Wasaidizi wake walishangilia.

"Ninajihisi kijana!" baba alisema, akachukua jembe lililoegemea ukuta, akaliinua juu ya kichwa kwa mkono mmoja, akalishikilia pale ili wote waone.

Wote walipiga makofi. Nilipiga makofi pia, nikiutazama mkono ule juu ya bega. Nilimtazama mama. Yeye hakuwa akipiga makofi.

19 Aprili

Mama alimpakulia ugali mdogo, jinsi Daktari alivyoagiza, na mboga nyingi. Baba aliitazama sahani.

"Nani amekula ugali wangu?"

"Daktari alisema tupunguze."

"Ndani ya nyumba yangu nipimiwe ugali na Mkuria?"

Sahani iligonga ukuta kwanza. Kisha mkono. Niliusikia kabla ya kuuona, mlio ule ule, kama ubao unaoanguka kwenye sakafu. Mama alikaa chini pale pale aliposimama. Baba aliuangalia mkono wake, akafungua na kufunga vidole. Nafikiri alikuwa akiufurahia.

20 Aprili

Pasaka. Mama hakwenda kanisani.

25 Aprili

Mvua ya mawe jioni. Ilidumu muda mfupi tu, lakini ilipiga bati mpaka tukawa tunazungumza kwa ishara. Tulipotoka, mahindi yote ya upande wa barabara yalikuwa yamekatwa kiunoni, na ndama mdogo amekufa akiwa amepiga magoti kando ya zizi. Osuga iliyo chini ya migomba haikuguswa.

Baba alizunguka shamba lote. Aliporudi alisema neno moja tu, "Chira," akimtazama mama.

Nilitaka kusema: wewe ndiye uliyesema panda. Nilikuwa na maneno yote, yamepangika vizuri. Nilikauka.

28 Aprili

Mchumo wa kwanza. Daktari amekuja jua linapochomoza, na chupa kubwa inayotoa moshi baridi. Ndani yake kuna hewa iliyopozwa mpaka ikawa maji. Ukitia kidole kinavunjika. Unachuma jani, unalifunga kwa karatasi ya foili, unalitumbukiza mara moja. Niliuliza kwa nini haraka hivyo. Kwangu mimi kuuliza swali ni kama kuruka mto, lakini kwa Daktari nimezoea.

"Kwa sababu jani halijui kwamba limechumwa," alisema. "Linaendelea kufanya kazi. Ukilikawiza linaanza kutengeneza vitu vya kujilinda, nasi tutapima hofu yake badala ya kupima jani."

Alieleza kwamba mmea ukitafunwa na mdudu, au ukipigwa na mvua ya mawe, huongeza baadhi ya vitu vichungu. Mara nyingine vitu hivyo hivyo ndivyo wanavyovitafuta kwa afya ya watu. Nilikuwa ninaandika upesi. Sikujua kwamba baba amesimama nyuma yetu.

"Kwa hiyo mmea ukipigwa unakuwa bora?"

"Baadhi ya mimea, mzee. Na si vitu vyote. Ikizidi mmea unadhoofika."

Lakini baba alikuwa amekwisha kupata alichokitaka. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Umesikia, Nyar Ndhiwa? Hata mboga! Hata sayansi inasema!"

Wasaidizi walicheka. Daktari alitabasamu kidogo, kwa adabu. Nilimwona akitabasamu.

29 Aprili

Nitaandika yote, kwa sababu nisipoyaandika nitayasikia usiku kucha.

Mama alikuwa anakoroga maziwa kwenye chungu cha mboga. Osuga kwetu huchemshwa, maji ya kwanza yanamwagwa, kisha inatiwa maziwa na kulazwa, kila siku ikiongezwa maziwa mapya, mpaka uchungu utulie. Baba aliingia na mpini wa jembe. Alikuwa ametoa jembe lenyewe akaliacha mlangoni, taratibu, kama mtu anayevua viatu.

"Ndama wangu yuko wapi?"

Mama aliendelea kukoroga.

Alimpiga mgongoni mara ya kwanza akiwa bado ameinama. Chungu kilipasuka, maziwa yakaenda motoni, moshi ukajaa. Alimpiga mapaja. Alimpiga mikono aliyojikingia. Kila pigo alisema, "Kuwa bora. Kuwa bora." Nilijitupa kumshika kiuno, akanisukuma kwa kiwiko, nikaangukia mawe ya jiko. Nyusi yangu imepasuka. Sikuona tena vizuri kwa sababu ya damu, lakini nilisikia, na kusikia ni kubaya zaidi.

Alipochoka alisimama akihema. Aliketi, akaniambia nimletee maji ya kunywa. Nilimletea. Ndivyo nilivyo.

Ninajiuliza Daktari angepima nini ndani ya mama leo. Si kweli kwamba tunakuwa bora. Mama hakuongeza kitu chochote cha kusaidia watu. Alipungua tu, nimemwona akipungua.

1 Mei

Nimetia sukari kwenye uji wa baba. Vijiko vitatu vikubwa.

"Leo umejua kupika, nyara," alisema. Nyara ni binti yangu. Alikuwa hajaniita hivyo tangu nikiwa mdogo.

2 Mei

Vinne.

4 Mei

Kesho shule inafunguliwa. Nitapika kabla ya kwenda. Mvua.

7 Mei

Baba anakojoa mara kwa mara na kunywa maji bila kutosheka. Alitaka kumrushia mama kigoda, kikaangukia miguuni pake mwenyewe. Ninajua ninachofanya. Kitabu cha Daktari kimenieleza sukari ikizidi hufanya nini kwa mishipa na kwa macho. Ninakisoma, kisha ninachota kijiko.

10 Mei

Hakuweza kuamka. Kidonda kimefunguka tena na kinanuka. Mama alipasha maji, akapiga magoti, akaufunua mguu ule kwa upole ambao sikuweza kuuelewa. Baba aliumia. Akampiga mama teke usoni kwa mguu wake mzima. Kisigino kilimpata mdomoni.

Mama alifuta damu kwa kitambaa kile kile cha kidonda, akaendelea kuosha.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na beseni. Hapo nikaelewa kitu ambacho ningepaswa kukielewa tangu Agosti. Ugonjwa haukumfanya mwema. Ulimfanya mlegevu tu. Ndani yake hakuna kilichobadilika, na mimi sasa nimekuwa mtu anayemwozesha baba yake mguu kwa kijiko.

11 Mei

Uji bila sukari. Ameonja, akaumwaga chini.

13 Mei

Daktari amepima, akapima tena. Alikunja uso. "Lorine, kuna kitu amebadilisha?"

"Hapana."

Alimwona mama. Mdomo ulikuwa umevimba, na mikono bado ina madoa ya manjano. Aliangalia kando, akauliza kama tuta la tatu limepaliliwa. Tulipofika penye gari nilimwambia, kwa sauti ndogo, "Anampiga."

Alinishika bega. "Mimi hapa ni mgeni," alisema. "Nikiingilia mambo ya boma moja, maboma yote yatanifukuza. Vumilia, usome, utoke."

Niliwahi kufikiri kwamba mtu anayejua kilichomo ndani ya jani anajua na kilichomo ndani ya nyumba.

18 Mei

Mvua. Mvua. Baba anatembea tena.

21 Mei

Majibu ya mashine yametoka. Osuga ya mama ndiyo iliyokuwa bora katika nyumba zote za mradi. Daktari amemwalika aeleze alivyoilima kwenye siku ya wakulima huko Ndhiwa, kwao mama, mbele ya watu. Mama alicheka, akajifunika uso kwa leso. Nilikuwa nimesahau kicheko chake kilivyo.

Baba alisema, "Vizuri." Alisema neno hilo tu.

24 Mei

Asubuhi nilimkuta baba kwenye matuta. Alikuwa anang'oa osuga. Hakuwa na hasira usoni, aling'oa tuta moja hadi jingine, akitupa nyuma yake. Mama alitoka akikimbia.

"Baba Lorine, si ya kwetu hiyo! Ni ya mradi!"

"Mimi ndiye niliyetobolewa vidole. Mimi ndiye niliyekunywa mavi ya ng'ombe nikapona. Halafu mke mdogo ndiye atakayesimama mbele ya watu?"

Alimshika nywele, akamlaza chini kwenye udongo uliolowa, akamkandamiza kwa goti kifuani. Akachukua mashina yale, na mizizi yake na matope yake, akamshindilia mdomoni.

"Kula. Si ni afya? Kula uwe na afya."

Mama alikuwa anakabwa. Miguu yake ilichimba udongo. Baba alishindilia kwa kiganja, akaongeza, akashindilia. Majani mabichi, matunda mabichi, yale tunayokatazwa hata kuonja. Mama alipomuuma kidole alisimama, akachukua mpini, akaupiga mkono wake wa kushoto. Mfupa ulilia. Nimetafuta neno lingine na sikulipata.

Nilikuwa hatua chache tu kutoka pale, nimekauka.

Kisha Mama Emmaculate akapita kando yangu. Sikujua kwamba anaweza kwenda mbio. Alifika, akaushika mpini kwa mikono miwili ukiwa juu, wakavutana.

"Achia, mwanamke!"

"Nipige mimi. Mimi nimekuzoea."

Akampiga. Alimpiga shingoni kwa ngumi, akampiga sikioni, na yeye hakuuachia ule mpini. Alizidi kusogea mbele tu, na uzito wake wote, mpaka baba akateleza kwenye matope na kukaa. Mama Emmaculate akamkalia miguuni.

"Lorine," alisema, bila kugeuka. "Mtoe mama yako matope mdomoni. Kwa kidole. Mgeuze ubavu kwanza."

Mikono yangu ikaanza kufanya kazi.

25 Mei

Tuko hospitali. Mama amefungwa plasta. Ametapika sana, lakini wanasema atapona. Mhudumu aliuliza kilichotokea.

"Niliteleza," mama akajibu.

Mhudumu akanitazama. Niliangalia sakafu.

Nje, kwenye benchi, Mama Emmaculate alikuwa anakandamiza sikio lake kwa kitambaa cha maji. Nilimshukuru. Halafu, kwa kuwa sikujua niseme nini tena, nilimuuliza kama alilia sana walipomng'oa meno, zamani.

Aliondoa kitambaa sikioni. "Nani alikuambia yaling'olewa?"

"Nilidhani ni mila."

"Mila!" Alicheka, na safari hii hakufunika mdomo. "Mtoto wangu, mimi si mzee hivyo. Wakati wangu mila hiyo ilikuwa imekwisha. Baba yako aliyatoa kwa mchi, Oliver akiwa mgongoni mwangu. Watu wakaanza kusema ni mila, nami nikawaacha waseme. Ilikuwa heshima zaidi."

Baadaye akasema, "Siku ile nilikanyaga tuta la mama yako. Nilikuwa na hasira, na yeye ndiye aliyekuwa karibu wa kukanyagwa."

Nimemchukia mtu huyu msimu mzima.

26 Mei

Nilikwenda kituo cha polisi. Sikwenda shule. Mama Emmaculate alikuja nami, akakaa nyuma kidogo.

Askari alikuwa na chai. "Ndiyo, msichana."

Nilisimama. Nilikauka, kama darasani. Kalenda ukutani, kikombe, kofia yake mezani. Kisha nikaanza na nyusi yangu mwenyewe, kwa kuwa hiyo alikuwa anaiona. Nikasema tarehe na kilichotumika. Nikasema ya juzi kwenye matuta. Sauti ilikuwa ndogo, lakini sikusimama.

"Haya ni mambo ya nyumbani," akasema. "Mzee wenu wa ukoo hajasikia? Nendeni mkaongee. Baba ni baba."

Mama Emmaculate alisogea mbele, akaegemea kaunta, akafungua mdomo wake wote.

"Angalia," alisema. "Angalia ndani vizuri, mwanangu. Tuliongea na wazee mwaka ule. Haya ndiyo yaliyotoka kwenye maongezi."

Askari aliweka kikombe chini. Alimwita mwenzake wa kike wa dawati la jinsia, Afisa Phelesia. Huyo hakuuliza kuhusu wazee. Aliniandikisha maelezo tangu mwanzo mpaka mwisho, akanisomea, nikatia sahihi. Tulirudi hospitali naye. Alimuuliza mama tena, na mimi nikasema kabla ya mama, "Usiseme uliteleza." Mama alilia. Kisha akasema kweli.

Jioni walimchukua baba. Hakupigana. Alivaa shati lake la kanisani. Alipopita mbele yangu alisema, "Nyara." Sikujibu.

27 Mei

Niliamka alfajiri. Nimempigia Daktari Nyangi kwa simu ya Mama Emmaculate, nikamwambia kwamba mwezi huu namba za baba zilipanda kwa sababu nilitia sukari, na kwamba asiziandike katika utafiti wake kana kwamba uji ndio ulioshindwa. Aliuliza mama yuko wodi gani. Nikamwambia na hilo. Akasema anakuja. Sijui anakuja kwa ajili ya nini, na sikumuuliza.

Kisha nilichemsha maji, nikakoroga unga, nikashika mwiko mpaka uji ukachemka. Sikutia kitu kingine. Nilichukua vidonge vyake vya asubuhi dirishani, kwa kuwa haviwezi kumezwa tumbo tupu, na leo anapelekwa kortini Homa Bay na hatujui atarudi selo saa ngapi. Nilitia uji kwenye thermosi. Nilitembea mpaka kituoni.

Askari wa jana ndiye aliyekuwepo.

"Ya nani?"

"Ya Jeremiah, baba yangu."

"Si ndiye uliyemshtaki?"

"Ndiye."

"Unafuta kesi?"

"Hapana. Ana sukari. Lazima ale kabla ya dawa."

Aliufungua mfuniko, akanusa, akaona rangi. Aliniambia hakuna chakula kinachoingia selo kabla aliyekileta hajakionja. Alinimiminia kwenye kifuniko.

Nilikunywa wote alionimiminia. Nilifuta kifuniko kwa leso, nikamrudishia, nikasimama pale mpaka alipoupeleka uji ndani pamoja na vidonge. Halafu nikaenda hospitali kwa mama.